Mlango wa Ketty Laporte

Asubuhi ile haikuwa na jambo. Ketty alitangulia kuamka kama ada yake, akateleka chai, akakohoa kile kikohozi chake cha alfajiri ambacho majirani walikizoea kuliko jogoo. Mzee Tsofa, mumewe, alikaa ukingoni mwa kitanda akikitafuta kiatu cha pili kwa vidole vya mguu. Kuinama kulikuwa kumekwisha siku nyingi. Kiuno hakikutaka.

"Kiko chini ya cherehani," Ketty akasema kutoka jikoni.

Hakuwa amemwona. Alijua tu.

Tangu Tsofa aache kazi ya ubawabu kule Kizingo, kazi yake ya asubuhi ilibaki moja, kwenda kununua mahamri pembeni mwa mtaa. Mbaazi zilikuwa za Ketty. Akavaa kofia, akachukua bakuli lenye kifuniko, akafika mlangoni.

"Na ya Bi Mejumaa usiyasahau," Ketty akasema. Bi Mejumaa ndiye mwenye nyumba, aliyekaa juu. "Jana ulimletea yaliyoungua, nikasemwa mimi."

"Meno hana. Kuungua kaonaje?"

"Ulimi anao, Baba Sammy. Tena mzima."

Tsofa akacheka kwa pua. Akatoka, akaushika mlango auvute.

"Shindika tu," Ketty akasema. "Usifunge."

Akashindika. Aliurudisha ule ubao taratibu mpaka ukakaribia kizingiti, asiugongeshe wala asitie komeo, mtu akiusukuma kwa kidole uitike. Akaenda zake, akarudi, wakala. Ketty akakaa kwenye cherehani akishona sare za watoto wa shule, Tsofa akakaa kibarazani akitazama wapitao. Jua likapanda, likashuka. Siku ya pili yake kifua kikambana Ketty, akapelekwa hospitali, na hakurudi.

Ndiyo maana Tsofa akiikumbuka asubuhi ile hana pa kushika. Hakuna neno kubwa lililosemwa. Ni kiatu, mahamri na mlango.

Mwaka ulipokaribia kutimia, ikawa zamu ya kulijengea kaburi. Simiti ilimwagwa, vigae vikapangwa, likabaki jiwe la kichwani. Sammy, mtoto wao wa pekee, karani bandarini na mkazi wa ghorofa moja Ganjoni, ndiye aliyekuwa akishughulika na fundi. Alikuja alasiri moja, akaketi kibarazani pembeni ya babake, akajifuta jasho.

"Fundi anataka jina, Baba. Jumamosi anaanza kuchonga."

"Jina analo."

"Nimemwambia aandike Ketty Tsofa."

Mzee akamtazama paka aliyepita mpaka akapotea uchochoroni.

"Mama yako alikuwa na jina lake," akasema.

"Alikuwa nalo kabla hujamuoa."

"Amekufa nalo."

"Baba," Sammy akasema kwa upole, kama mtu anayemwinua mgonjwa. "Tutakapobariki jiwe watakuja watu wa Rabai. Shangazi zako wale wote. Wakute jiwe la mke wako lina jina wasilolijua, watauliza, huyu kaolewa au kapanga? Na jina lenyewe ni mimi na wewe tu tuliobaki tunaojua kulitamka. Na wewe hulitamki sawasawa."

"Nalitamka alivyolitamka yeye."

"Haya. Nimesema tu. Mpaka Jumamosi."

Sammy alipoondoka, Tsofa alibaki pale pale. Yeye hakusoma. Utoto wake ulipita nyuma ya mbuzi wa babake kule Rabai, na herufi kwake ni kama nyayo za ndege mchangani. Anajua ndege amepita, hajui ni yupi. Angeweza kuandikiwa lolote juu ya jiwe lile, na asingelijua. Hilo ndilo lililomuuma. Kwamba atakuwa akienda kumtembelea mkewe Jumapili, asimame mbele ya jina la mtu mwingine, amsalimu.

Jina lile, basi, lilikuja hivi.

Baba yake Ketty alikuwa mtu wa Shelisheli. Aliitwa Antwani Laporte. Alishuka Mombasa kutoka melini akiwa kijana, akapata kazi ya kuchomelea vyuma bandarini, akaoa binti wa Kitaita, wakakaa Ganjoni. Ketty alipozaliwa alichukua rangi ya mama na jina la baba. Hakukaa naye sana huyo baba. Alikufa Ketty hajang'oka meno ya utoto. Akamwachia vitu vichache. Harufu ya chuma kilichoungua. Viazi na ndizi za kupikwa kwa nazi na sukari, ambavyo baba aliviita ladobu, na ambavyo kila nyumba ya Mombasa hupika bila kuviita hivyo. Na ule wito.

Wito ule Ketty aliusimulia maisha yake yote. Baba akitoka kazini jioni, mikono imejaa vifurushi, alisimama nje akaita, "Laport!" Hakusema Ketty. Alisema jina lao, bila ule mkia wa mwisho. Na Ketty, mtoto mdogo, alitupa chochote alichoshika, akakimbia kumfungulia. Alijisikia mkubwa. Mama yake hakuitwa hivyo, jirani hakuitwa hivyo. Aliitwa yeye.

"Mtoto wa miaka mitano unaitwa kwa jina la ukoo, kama hakimu," alikuwa akisema. "Nilikuwa nikitembea kifua mbele mtaani."

Tsofa alimkuta Ganjoni. Alikuwa amepata kazi ya kulinda lango la nyumba kubwa moja Kizingo, akapewa sare iliyoachwa na bawabu aliyemtangulia, mtu mrefu. Akaipeleka kwa fundi cherehani ipunguzwe. Fundi alikuwa msichana mwembamba mwenye pini mdomoni.

"Hii suruali ya nani?" akauliza pini zikiwa bado mdomoni.

"Yangu."

"Na miguu iliyobaki umeiacha wapi?"

Tsofa akaitazama miguu yake. Alirudi siku ya kuichukua, akarudi tena kwa kifungo, akarudi tena kwa kifungo kile kile. Mara ya nne Ketty aliweka mkasi chini.

"Wewe huongei?"

"Naongea."

"Lini?"

Wakaoana kanisani. Lile "lini" ndilo lililokuwa neno lao la uchumba. Lingine halikuwapo, na hakuna aliyelihitaji.

Walihamia Mji wa Kale, vyumba viwili vya chini katika nyumba ya Bi Mejumaa. Wakati huo Bi Mejumaa alikuwa mama wa makamo, meno yote thelathini na mbili, na watu wa kumsikiliza ukumbini hakuwakosa. Siku ya kwanza alimwita mpangaji wake mpya juu, amtazame. Wanawake walijaa mikekani. Kahawa ikamiminwa. Baada ya salamu, ambazo kwake zilikuwa safari nzima, hujambo na wazee hawajambo na utokako ni salama, Bi Mejumaa akaingia kwenye neno lenyewe.

"Na wewe u mlango gani, mwanangu?"

Huku pwani kila mtu anajua swali hilo. Hata kwa Tsofa, Rabai, watu huulizana hivyo. Mlango ni ukoo, ni tumbo la nyumba fulani, ni kusema wewe umetokea kwa nani. Lakini Ketty alikuwa amelelewa na mama Mtaita kati ya watu wa kila namna pale Ganjoni, na hajapata kuulizwa mlango ila na anayetaka kuingia. Akanyoosha kidole ngazini, chini kule.

"Ule wa kijani, mama."

Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Mmoja alimwaga kahawa. Bi Mejumaa alijifuta machozi kwa pindo la leso.

"Sikuulizi ubao, mwanangu. Nakuuliza ukoo. Watu wako kina nani?"

"Laporte. Baba yangu alitoka Shelisheli."

"Shelisheli?" Bi Mejumaa akageukia wenzake. "Tunda la shelisheli si tunalipika hapa kwa nazi kila mwezi? Kumbe ukilipasua lina watu ndani."

Hapo tena ukumbi haukusikilizana. Ketty naye akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka hata akichekwa yeye. Ila alishuka na neno moja jipya siku hiyo. Wakati anaondoka aliuvuta mlango wa ukumbi akaufunga, na Bi Mejumaa akamwita.

"Mchana mlango haufungwi hapa. Hushindikwa. Akija mtu akakuta komeo atadhani mumehama, au mumegombana."

"Hushindikwa ndiyo vipi?"

Bi Mejumaa akainuka mwenyewe akamwonyesha kwa mkono.

Neno hilo Ketty alilipenda kama mtu aliyepewa kanga. Kutoka siku hiyo mlango wa kijani haukufungwa mchana, na mtu akitoka aliambiwa, shindika tu. Wateja wa sare walisukuma wakaingia. Paka alisukuma. Watoto wa mtaa walisukuma wakaomba maji, wakapewa maji na uji.

Na mzaha ule wa ukumbini haukufa. Mtu akigonga, sauti ilitoka juu kwa Bi Mejumaa, "Ketty, ukoo wako unagongwa!"

Jina lenyewe mtaa ulilila kidogo kidogo. Kwanza likawa Laporti. Wazee wakasema, ah, la Poti, babake si alikuwa mtu wa bandarini? Basi ikajulikana hivyo, kwamba ni jina la watu wa bandari, na Tsofa mwenyewe aliamini hivyo miaka na miaka. Ikaonekana ni jina la kazi, kama mtu kuitwa Mvuvi. Kisha watoto wakaja na lao. Sammy alipoanza shule, walisikia mama yake ni Bi Laporti, wakamwita Ripoti. Kila muhula ukifungwa wakamzunguka, "Ripoti kaleta ripoti." Siku aliyoshindwa hesabu ndiyo ikawa mbaya kabisa. Alirudi akilia, akamuuliza mama yake, kwa nini hukuchukua jina la Baba kama mama za wenzangu.

Ketty alimpangusa kamasi. "Jina la Baba unalo wewe," akasema. "Mimi niachie langu, nitabaki na nini?"

Sammy hakusahau kuchekwa. Watoto hawasahau.

Ikawa hivyo mpaka Tsofa amezeeka langoni. Nyumba ile ya Kizingo ilikuwa na nyumba ndogo nyuma, na humo akaja kupanga mwalimu mmoja, mtu wa bara, Madamu Rosebella. Alifundisha Kifaransa. Alikuwa na gari dogo la rangi ya maziwa na desturi ya kushusha kioo asalimie kabla ya kupita, jambo ambalo Kizingo si la kila mtu. Akaona sare ya Tsofa ilivyomkaa, akauliza habari za fundi, akamtumia kitambaa ashonewe gauni. Siku Tsofa alipompa gauni lake pale langoni, lilikuwa limekunjwa ndani ya karatasi.

"Fundi anaitwa nani, nimshukuru kwa jina?"

"Ni mke wangu, madamu. Ketty Laporte, babake mtu wa Shelisheli."

"Laport?" Rosebella akasema.

Tsofa akamtazama. Hapakuwa na kinywa alichokisikia kikilisema hivyo ila cha Ketty, anapomwigiza babake. Mtaa mzima ulisema Laporti. Huyu mama wa bara kalisema bila mkia.

"Hilo jina unalijua?"

"Nalijua sana. Na wewe unajua maana yake?"

"La Poti. Watu wa bandarini."

Rosebella alitabasamu, akatoa mkono dirishani mwa gari, akaushika upau wa lango ambalo Tsofa alikuwa bado amelishikilia.

"Hapana, mzee. Ni hili."

"Geti?"

"Geti. Lango. Mlango. Kwa Kifaransa mlango ni la porte."

Magari yalikuwa hayapiti saa hiyo, na madamu hakuwa na haraka. Akamweleza. Zamani miji ya huko ilizungushiwa kuta, na ukuta una malango. Watu walipoanza kuhitaji majina ya ukoo, maana kina Yohana na kina Petro walikuwa wengi mno, aliyekaa karibu na lango akaitwa wa langoni. Aliyelilinda naye akaitwa hivyo. Watoto wakarithi, na wao wasikae tena langoni, ila jina likabaki.

"Aliyelilinda," Tsofa akarudia.

"Ndiyo. Bawabu."

"Na wako wengi?"

"Wamejaa. Hasa pande za kusini-magharibi ya nchi yao. Simama sokoni uite, hutakosa wa kugeuka. Hata Kanada, ng'ambo ya bahari, walihama nalo. Na wako kina Delaporte, na kina Portier, majina tofauti, maana zake zinakaribiana."

"Mlango mmoja," Tsofa akasema.

Madamu akacheka, maana hakujua kwamba mzee amesema zaidi ya alichosikia yeye. Kisha uso wake ukatulia.

"Lakini Shelisheli, mzee, lilifika na Wafaransa. Na visiwani kule walikuwako waliomiliki watu na waliomilikiwa. Jina likakaa kwa hawa, na likakaa kwa wale. Baba yake mkeo sijui alilipata kwa njia gani."

"Ntamwambia hivyo hivyo," Tsofa akasema.

Alirudi nyumbani alasiri ile kwa miguu kama siku zote, lakini njia aliiona fupi. Mlango wa kijani ulikuwa umeshindikwa. Angeweza kuusukuma. Hakuusukuma. Alisimama nje, na yeye, mtu ambaye angeweza kumaliza siku kwa salamu mbili, akaita.

"Laport!"

Cherehani ikanyamaza. Kitu kikaanguka ndani. Ketty alifungua akiwa na utepe wa kupimia shingoni, na uso aliokuja nao mlangoni haukuwa wa mama wa watu. Ulikuwa wa mtoto.

"Nani kakufundisha kulisema hivyo?"

Akamwambia yote, wakiwa wamesimama pale pale kizingitini. Ketty alikaa chini kwenye kibaraza.

"Kumbe hakuwa akiniita," akasema.

Tsofa akaketi pembeni yake.

"Alikuwa amejaza mikono. Alikuwa akisema mlango, nifungulieni mlango. Na mimi nikikimbia nikidhani naitwa."

"Lakini ulifungua."

"Nilifungua," Ketty akasema. "Kila siku nilifungua." Akaanza kucheka, na kicheko kikamgeukia machoni, akavuta utepe akajipangusia. Watu wawili walipita wakasalimu, wakaitikiwa kama hakuna kitu.

Lile la wenye kumiliki na waliomilikiwa alimwambia pia, kama alivyoahidi. Ketty alilifikiria kidogo.

"Liwe lilitoka kwa nani," akasema, "mimi nililikuta kwa baba yangu."

Kisha akamtazama mumewe, na sare yake, na kirungu chake cha ubawabu alichokuwa bado amekibana kwapani.

"Kwa hivyo wazee wa jina hili walikuwa walinda malango."

"Ndivyo alivyosema madamu."

"Ndiyo maana. Nilikuona na ile suruali nikasema moyoni, huyu simjui, lakini ni wa kwetu."

Wakacheka wote wawili. Halafu Ketty akasema neno moja zaidi, juu ya jina lile na juu ya siku atakayoondoka. Tsofa alilisikia, akatikisa kichwa. Hakupenda mazungumzo ya kuondoka. Lakini alilisikia vizuri, na mtu asiyeandika huweka mambo mahali pazuri zaidi.

Kesho yake Ketty alipanda juu. Bi Mejumaa alikuwa ameshazeeka, meno yameshakwenda, yuko kitandani ameegemea mito.

"Bi Mejumaa, lile swali lako nimelipatia jibu."

"Swali lipi? Mimi nakuuliza maswali tangu ulipohamia."

"Uliniuliza, u mlango gani. Basi mlango wangu ni Mlango. Ndiyo maana ya jina."

Akamweleza. Bi Mejumaa alisikiliza mdomo wazi.

"Yaani siku ile ulinijibu kweli."

"Nilikujibu kweli bila kujua."

"Na sisi tukakucheka mpaka kahawa ikamwagika." Bikizee akatikisa kichwa. "Niwie radhi, mwanangu."

"Ntakuwia ukiacha kusema mahamri yameungua."

"Hilo haliwezekani," Bi Mejumaa akasema. "Yanaungua."

Sammy naye aliambiwa, kwa simu. Akasema, sawa Mama, vizuri, na nyuma yake zilisikika kreni za bandarini. Hakuuliza zaidi. Alikuwa na kazi, na kwake jina lile lilikuwa bado lina sauti ya watoto wenzake.

Siku za matanga ya Ketty, watu walipojaa vyumba vile viwili, mtu mmoja alidhani anasaidia, akaufunga mlango wa kijani kwa sababu ya vumbi. Tsofa alikuwa amekaa pembeni. Aliinuka na kiuno chake kile, akapita katikati ya miguu ya watu, akatoa komeo, akaushindika, akarudi kukaa. Bi Mejumaa, aliyekuwa ameteremshwa kwa kubebwa, ndiye peke yake aliyeelewa. Akafunika uso kwa leso.

Jumamosi ikafika. Sammy alimpitia babake kwa tuktuk wakaenda karakana ya mawe. Fundi aliitwa Kioko, mtu wa vumbi jeupe mpaka kope. Jiwe lilikuwa limelazwa juu ya magunia, limesuguliwa, tupu.

"Karibuni, wazee. Ni Ketty Tsofa, sivyo? Nianze?"

Sammy alimtazama babake. Yake alikwisha kuyasema.

Tsofa alilizunguka lile jiwe. Akaligusa. Lilikuwa baridi, ingawa jua lilikuwa kali.

"Ketty Laporte," akasema.

"Laporte?" Kioko akakuna kichwa, vumbi likashuka. "Hilo nalisikia kwenye mpira. Ni jamaa yenu?"

"Huenda," Tsofa akasema. "Wako wengi."

"Linaandikwaje?"

Tsofa alichukua kipande cha chaki mkononi mwa fundi, akakigeuza, akakiangalia kama kitu kilichotoka nchi nyingine. Akamnyooshea mwanawe.

"Wewe nilikupeleka shule. Mwandikie."

Sammy hakukipokea upesi. Alitazama barabarani, kana kwamba wale watoto wa zamani wanaweza kutokea wakiwa na mikoba yao. Kisha akakichukua, akachutama mbele ya jiwe na suruali yake ya kazini. Akaandika Ketty. Mkono ukasimama.

"Baba, watu wa Rabai watauliza."

"Na waulize."

"Wataniuliza mimi. Wewe hutasema kitu, nakujua. Utakaa kimya, na mimi ndiye nitakayesimama pale na jina hili. Niwaambie nini?"

Mzee Tsofa alikaa juu ya gunia pembeni ya mwanawe, akajishikilia kwa bega lake. Kioko aliweka tindo chini. Na Tsofa, ambaye neno lile alikuwa hajampa mtu tangu alasiri ile ya kibarazani, akalitoa lilivyo, bila kuliongeza wala kulipunguza.

"Waambie alivyosema mama yako siku niliyomletea maana yake. Alisema hivi: 'Kule kwao wamejaa, mmoja akitoka hawatajua. Hapa niko peke yangu. Siku nikienda, Baba Sammy, jina langu usilifunge. Lishindike tu, mtu akilisukuma kwa kidole liitike.'"